Taarifa ya Mwendo Kasi Imfikie Mwenye Kosa

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya madereva, wamiliki wa vyombo vya usafiri na wananchi wengine wa Mwigobero, Musoma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama barabarani. Jambo hilo ni pana, na saa moja haitoshi kulimaliza. Kwa hiyo nimechagua sehemu moja tu, ambayo nimeisikia ikijadiliwa hapa mwaloni tangu asubuhi. Mtu amepita mbele ya askari mwenye tochi, hakusimamishwa, na sasa hajui kama ameandikiwa kosa au hakuandikiwa. Afanye nini? Na wenye mamlaka, kwa upande wao, wana wajibu gani wa kumjulisha?

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, ili asije mtu akadhani nimekuja kuwahubiria wengine.

Miaka michache iliyopita nilitoka Mwanza kuja Musoma kuhudhuria msiba. Gari nililoendesha lilikuwa la mjomba wangu. Nilikuwa nimechelewa. Magu na Lamadi nilipita kwa adabu, lakini kabla ya kufika Bunda, katika senta moja ndogo yenye kibao cha 50, sikupunguza mwendo. Nilimwona askari chini ya mti, na mkononi ana kile chombo. Hakunisimamisha. Nikatazama kwenye kioo, sikuona mtu wa kunifuata, nikaendelea na safari yangu.

Nilirudisha gari, nikamshukuru mjomba, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kama ningekuwa nimepigwa picha, bila shaka ningesimamishwa. Huo ulikuwa udanganyifu wa nafsi, maana nilijua vizuri kwamba picha inaweza kupigwa hapa, na gari likaandikiwa kosa mbele ya safari au siku nyingine kabisa.

Wiki kadhaa baadaye mjomba alikuwa akimpeleka mkewe hospitali. Akasimamishwa kwa ukaguzi wa kawaida. Namba ya gari ilipotazamwa, ikaonekana inadaiwa. Alikuwa na fedha za dawa mfukoni, na ndizo alizolipia kosa langu. Hakunigombeza. Alinipigia simu jioni, akauliza: "Mjomba," maana ndivyo tunavyoitana, "siku ile ya msiba ulipita wapi kwa haraka?" Nilimrudishia fedha yake siku iliyofuata. Lakini yale masaa aliyohangaika barabarani na mgonjwa pembeni yake, sikuwa na namna ya kumrudishia.

Ndugu zangu, katika kisa hicho kosa lilikuwa langu, na hakuna askari wala ofisi ninayoilaumu. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kiini cha jambo tunalozungumza. Taarifa ya kosa ilimfuata mwenye gari, wakati mwenye kosa alikuwa amekaa nyumbani kwa raha. Adhabu ilifika pasipo pake, tena imechelewa.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mabasi na malori yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500, hata yakiwa nje ya makazi, hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Wako wenzetu wanaosema kwamba vibao hivi vimewekwa ili kutega fedha. Je, ni kweli?

Hebu tupige hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 100, hukata karibu mita 28. Dereva anayechukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, atakuwa amekwisha kupita mita hizo kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Na breki zenyewe nazo zina hesabu yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mtoto anayevuka barabara na ndoo ya maji hana habari na hesabu hizi. Anayepaswa kuzijua ni dereva. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua huongezeka kwa asilimia 4.

Sisi wa Mara hatuhitaji kuelezwa sana. Tarehe 5 Septemba 2014, katika eneo la Sabasaba, siyo mbali na hapa, mabasi mawili na gari dogo viligongana. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha yao. Silitaji tukio hilo ili kumhukumu mtu. Nalitaja kwa sababu wako humu ambao walizika. Baada ya siku kama ile, mtu hawezi kusimama Mwigobero akasema kwamba kibao cha mwendo ni mtego wa fedha.

Kwa hiyo tochi ina haki yake. Lakini kuwa na haki ya kuadhibu ni jambo moja, na kumfikishia mtu taarifa ya kosa lake ni jambo jingine. Hili la pili si jambo dogo la makaratasi. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa la jinai mpaka kosa lithibitike, na inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mtu atasikilizwaje juu ya jambo asilolijua? Ndiyo maana Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka samansi apewe mhusika mwenyewe, mkononi, inapowezekana. Asipopatikana, ndipo huachiwa mtu mzima wa familia yake, mtumishi anayekaa naye, au mwajiri wake. Sheria haikuridhika na karatasi kuandikwa tu. Ilitaka karatasi ifike.

Katika nchi nyingine jambo hili limefungwa kwa idadi ya siku. Kwa kawaida Uingereza, dereva ambaye hakuonywa palepale barabarani hawezi kutiwa hatiani kwa mwendo kasi mpaka mwenye gari awe amepelekewa taarifa ndani ya siku 14. Naye mwenye gari hupewa siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha. Msingi wa utaratibu huo uliwekwa tangu sheria yao ya mwaka 1930. Sababu yake ni ya busara: baada ya muda mrefu mtu husahau alikuwa wapi, alikuwa na nani, na kwa nini alikwenda mbio. Hawezi tena kukiri kwa haki, wala kukana kwa haki.

Je, tuchukue utaratibu huo kama ulivyo? Tusiharakishe. Utaratibu ule unategemea tarishi anayegonga mlango wenye namba. Sisi kwa miaka mingi barua zetu zimepitia kwenye sanduku la posta, na sanduku moja lilihudumia ukoo mzima, shule au kanisa. Ni mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, ndipo kazi kubwa ya kuweka anwani za makazi ilipofanyika nchi nzima, tukaona mitaa yetu inapata majina na nyumba zetu namba. Kwa historia hiyo, taarifa ya kosa kwetu imekuwa ikitolewa barabarani, uso kwa uso. Na sasa deni huingizwa katika mfumo wa Jeshi la Polisi kwa namba ya gari, likalipwa kwa namba ya kumbukumbu, kwa simu au benki.

Mfumo huo umeleta faida. Fedha inayolipwa kwa namba ya kumbukumbu huenda serikalini, haipiti katika kiganja cha mtu. Lakini namba ya gari haina masikio. Ukiiandikia deni, yenyewe haitamwambia mtu. Na mara nyingi jina lililoandikwa kwenye kadi siyo la mtu aliyeshika usukani. Gari limeazimwa, kama langu. Pikipiki iko kwa kijana wa mkataba, anayepeleka hesabu jioni. Au chombo kiliuzwa zamani, wakaandikiana kwenye karatasi, na kadi haikubadilishwa.

Majirani zetu wa Uganda walionja ugumu huu. Juni 2025 walianza kutoza faini za mwendo kasi kwa kamera na kuwatumia wenye magari taarifa kwa njia ya simu. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Serikali yao ilisimamisha mpango huo mwezi uleule. Tujifunze kwao: mashine yaweza kuwa hodari wa kupiga picha, lakini kama wananchi hawakuandaliwa na taarifa zao haziko sawa, kazi yake haitakubalika.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo manne kwa upande wetu.

Kwanza, ukiwa na wasiwasi kwamba umepigwa tochi, usisubiri kusimamishwa. Tazama namba ya gari katika mfumo wa Polisi, kwa simu yako au ya kijana wako, au uliza kituoni. Rudia baada ya siku chache. Kama chombo si chako, mwambie mwenyewe siku ileile. Maneno ni machache tu: "Nimepita mahali kwa mwendo mbaya, ikija taarifa ni yangu, nitalipa." Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa la barabarani humuumbua mwenzake.

Pili, ukiandikiwa, omba kwa heshima uonyeshwe picha. Tazama namba, mwendo, tarehe, saa na mahali. Kama kosa ni lako, dawa ya deni ni kulipa. Kama unaamini siyo lako, unayo haki ya kulikana na shauri likapelekwa mahakamani, kwani karatasi ya askari siyo hukumu ya hakimu. Njia ya tatu, ile ya kukunja noti ndani ya leseni, si njia. Inamfundisha dereva kwamba roho ya mtu ina bei, tena bei ndogo.

Tatu, mwenye chombo awe na daftari. Andika nani alichukua gari au pikipiki, siku gani, saa ngapi. Daftari la kurasa 48 linatosha kumaliza ugomvi wa mwaka mzima. Na ukiuza chombo, badilisha kadi.

Nne, ndugu zangu wa bodaboda na bajaji. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 faini yenu ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa kuwa ilionekana kipato chenu ni kidogo. Msiuchukue unafuu huo kuwa ruhusa. Abiria uliyempakia hapa Mwigobero, goti lake halikupunguziwa bei.

Kwa upande wa wenye mamlaka nina ombi moja. Kila deni linapoingizwa, taarifa yake imfikie mwenye chombo siku hiyohiyo, ikiwa na picha, mahali na saa. Nchi ambayo mama muuza dagaa hupokea fedha kutoka Dar es Salaam kwa simu, kwa muda wa kufumba na kufumbua, haiwezi kushindwa kupeleka ujumbe wa kosa. Taarifa inayofika leo humfanya dereva apunguze mwendo kesho. Ile inayofika baada ya miezi hukusanya shilingi, lakini katika miezi hiyo dereva amepita palepale, kwa mwendo uleule, mara nyingi, na watoto wa shule wamevuka kila asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, sisi madereva ni hodari sana wa kupeana habari. Tunawashiana taa kutoka Bunda mpaka Makutano kuonyana kwamba mbele kuna askari. Laiti bidii hiyo tungeitumia kumwambia mwenye gari ukweli, mjomba wangu angefika hospitali mapema na fedha yake ya dawa ikiwa mfukoni.