Mafuta ya Kula na Bei ya Dola

Mama anayepima mafuta ya kula kwa kichupa sokoni msimlaumu haraka bei ikipanda. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya faranga: dola ikatoka takriban faranga 2,100 hadi karibu 2,800 kwa bei rasmi. Mwenye kuagiza mafuta nje akikosa dola benki, huzitafuta mtaani kwa bei kubwa zaidi, na tofauti hiyo inatoka mfukoni mwako wewe mnunuzi. Hapo ndipo panapouma.

Afueni ipo. Tangu 2009 tumo katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya umoja huo, ikiwa na cheti cha uasili, haitozwi ushuru wa forodha. Mfanyabiashara mdogo, dai cheti hicho kabla hujavuka mpaka.