Damu Chooni: Tusiseme Tu ni Mgolo



Leo tuzungumze juu ya utumbo mpana. Wazee wangu, mniwie radhi. Najua habari za choo hazisemwi mbele za watu. Lakini aibu hii inaua. Mtu huona damu chooni akanyamaza. Mwingine husema, "Ni mgolo tu," akatafuta miti shamba. Huenda kweli ni mgolo. Huenda pia ni saratani ya utumbo mpana. Kwa macho tu huwezi kujua.

Saratani hii huanzaje? Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo. Hakiumi. Si kila kinyama hugeuka saratani, na kinachogeuka huchukua miaka mingi, hata kumi. Ninyi ni wakulima wa migomba na kahawa. Gugu changa hung'olewa kwa vidole. Likikomaa hutaka jembe na jasho.

Je, kitu kisichouma kitaonekanaje? Zipo njia kadhaa. Choo hupimwa maabara kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Au mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa. Au utumbo hupigwa picha kwa mashine iitwayo siti skani.

Siti skani ni ndugu wa eksirei. Mwaka 1971 ilipiga picha ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza huko London. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walionyesha kuwa inafaa kuchunguza utumbo mpana. Kwanza unakunywa dawa ya kuharisha ili utumbo uwe mtupu. Kisha hewa huingizwa kwa bomba dogo. Unalala chali, halafu kifudifudi. Mashine inazunguka, kompyuta inaunganisha picha. Hakuna kisu wala dawa ya usingizi. Baada ya dakika chache unainuka.

Lakini tuelewe: mashine hii huona, haikati. Ikionyesha kinyama kikubwa, kamera lazima iingie ili kitolewe. Kinyama kidogo sana chaweza kuipita. Tena hutumia mionzi, hivyo mama mjamzito aseme mapema.

Huko Marekani watu wasio na dalili hushauriwa kuanza kuchunguzwa wakiwa na miaka 45. Wakichagua picha hizi, hurudia kila miaka 5. Hapa kwetu, mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za kununua siti skani kwa hospitali za mikoa. Ni hatua njema. Lakini wewe unayeona damu leo, usingoje mashine.

Nenda zahanati ukiona damu chooni, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au ukikonda na kuishiwa damu bila sababu. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, mwambie tabibu hata kama huna dalili. Atakuelekeza Rubya, Ndolage, Kagondo au hospitali ya mkoa, Bukoba. Saratani hutibiwa Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Safari hiyo ni ghali, najua. Lakini ugonjwa uliochelewa hula ng'ombe, hula shamba, mwisho humla mwenyewe.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini tusiseme kila damu chooni ni mgolo?
2. Siti skani inaweza nini, na haiwezi nini?
3. Tufanye nini kijijini kwetu ili watu wasione aibu kwenda zahanati?