Je, Binti Aseme Anautaka Utajiri?



Ninazungumza nanyi kutoka Rågsved, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, ambako treni ya chini ya ardhi ilifika mwaka 1959. Wengi wa wakazi wake ni wahamiaji na watoto wao, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Ukipanda treni hiyo na kubadilisha katikati ya jiji, kabla ya saa moja kwisha utakuwa Kista, yaliko makao makuu ya kampuni ya simu ya Ericsson.

Binti wa huku akiulizwa kwa nini asomee kompyuta, hujibu kama alivyofunzwa: ili aisaidie jamii. Ni jibu jema. Lakini kaka yake akisema anataka kuwa tajiri, wazee hutabasamu. Yeye akitamka maneno hayo hayo, huambiwa ana tamaa. Mimi naiona hiyo kuwa dhuluma, ingawa hutendwa kwa upole.

Chukueni habari za Bibi Stephanie Shirley. Aliingia Uingereza mwaka 1939, mkimbizi wa miaka 5, bila wazazi wake. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta kwa mtaji wa pauni 6. Barua zake za kuomba kazi hazikupata majibu mazuri mpaka alipoanza kuzitia sahihi kwa jina la Steve, ambalo ni la kiume. Aliwaajiri wanawake walioacha kazi kwa ajili ya ndoa na watoto, nao wakafanya kazi majumbani mwao. Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu. Ndio walioandika programu ya kuchambua kumbukumbu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Wanawake hao hawakuishia kulipwa mshahara. Waligawiwa hisa, na kampuni ilipoingia katika soko la hisa mwaka 1996, wafanyakazi 70 wakawa mamilionea. Bibi Shirley, aliyefariki mwaka 2025, alitoa sehemu kubwa ya mali yake, hasa kwa ajili ya watu wenye usonji. Basi jamii ilisaidiwa, tena kwa fedha hizo hizo ambazo binti huonywa asizitamani.

Nairobi nako, tangu mwaka 2010, shirika la Akirachix huwafundisha mabinti wa familia zenye kipato kidogo kuandika programu. Ajira inayofuata ni neema. Kumiliki sehemu ya kampuni ni jambo jingine kabisa.

Hapa Sweden sheria huwapa wazazi siku 480 za likizo ya malezi, hivyo mama halazimiki kuacha kazi yake. Ila hisa nazo huporomoka: za Ericsson zilipaa hadi mwaka 2000, na kufikia 2002 zilikuwa zimepoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Hilo nalo binti aelezwe mapema, kama anavyoelezwa kaka yake.