Kikohozi Kinachomngoja Mtu Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa kamati za parokia)



Nimeombwa nizungumzie magonjwa ya mapafu yaletwayo na kuvu wa nyumbani. Naanzia mbali, Japani, kwa sababu huko jambo hili limechunguzwa vizuri.

Kusini-magharibi mwa Japani majira ya joto huwa na unyevu mwingi. Katika nyumba za zamani za mbao, hasa jikoni, bafuni na kwenye mikeka, huota kuvu aitwaye Trichosporon asahii. Anayempumua siku nyingi aweza kupata mzio ndani kabisa ya mapafu: kikohozi, homa, kubanwa pumzi. Baridi ikija anapata nafuu. Joto likirudi anaugua tena, pengine pamoja na mwingine wa nyumba ile ile.

Madaktari waliona kwamba mgonjwa akilazwa hospitali hupata nafuu, na akirudi kwake, baada ya saa chache tu homa na kikohozi huweza kuanza upya. Basi kule kurudi nyumbani kukawa kipimo. Dawa za kutuliza mzio husaidia, lakini akiendelea kuishi na kuvu huyo mapafu huingia makovu yasiyofutika. Kinachosaidia kwa kudumu ni kung'oa mbao zilizooza, kutupa mikeka, kuingiza jua na hewa. Wengine hulazimika kuhama.

Sisemi kuvu huyo ndiye aliyeko kwetu. Kuvu ni wengi, na wengine huamsha pumu. Tena kwetu anayekohoa wiki mbili sharti kwanza apimwe makohozi, kifua kikuu kisitupite. Lakini akiwa hana, na bado anakohoa, mwulizeni: ukisafiri wiki moja, unapata nafuu? Kisha ombeni ruhusa mwone chumba anacholala, nyuma ya kabati na chini ya godoro.

Hapa nina neno na sisi wenyewe. Ombi la dawa ya kifua tunalipitisha upesi. Ombi la mabati manne na dirisha kwa mama huyo huyo tunalirudisha, eti huo ni ujenzi, si afya. Mimi nimeyarudisha mengine kwa mkono wangu. Nanyi wafadhili mnapenda idadi ya waliotibiwa, na bati halihesabiki humo.

Naomba fungu la afya la robo ijayo liruhusu mabati, madirisha na mifereji ya maji ya mvua, mhudumu wa afya akishathibitisha. Siku ya kusafisha, wafanyao kazi wavae barakoa, na mgonjwa na watoto walale kwa jirani.