Mbegu ya Mboga Isiishie Chunguni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi na maofisa ugani)



Nilipoletewa mwaliko wa kuzungumza nanyi juu ya mbegu za mboga, kwanza nilisita. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka Chuo Kikuu, niliandika makala ya kuwahimiza wakulima waachane na mbegu zao za kienyeji, ambazo niliziita, kwa ujasiri wa mtu asiye na shamba, masalio ya ujima. Mama yangu mzazi, ambaye analima mkoani Dodoma, alisomewa makala ile na jirani. Akaitii.

Aliacha kupanda ngogwe aliyoirithi kwa mama mkwe wake, akapanda mbegu chotara nilizomnunulia mjini. Msimu wa kwanza alivuna vizuri, wala sitaki kulificha hilo. Lakini alipoweka mbegu kutoka katika mavuno yale, kama alivyozoea, msimu uliofuata shamba lilitoka mchanganyiko mtupu: miche mirefu kwa mifupi, matunda mengine makubwa, mengine kama gololi. Baada ya misimu michache ya kubahatisha alirudi kwenye kibuyu chake cha zamani, akakuta mbegu iliyomo imezeeka, haioti. Bahati njema, bibi mmoja wa kitongoji cha pili alikuwa amebakiwa na konzi moja.

Yaliyompata mama hayakuwa hila ya bepari yeyote, ni maumbile. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na wajukuu wao hutawanyika tabia, jambo ambalo Gregor Mendel alilieleza kwa njegere katika chapisho lake la mwaka 1866. Kwa hiyo anayetegemea chotara hana budi kurudi dukani kila msimu. Duka likiwa tupu, au mfuko wake ukiwa mtupu, hapandi. Mwenye fedha na maji ya uhakika anaweza kuyamudu hayo. Mama yangu hana hata kimoja.

Mbegu ya kienyeji nayo ina siri yake. Si aina moja iliyolingana kama askari kwenye gwaride. Ndani ya konzi moja mna ukoo mzima: mche unaowahi kuzaa kabla mvua haijakatika, mche unaochelewa lakini unastahimili jua, mwingine usioshambuliwa sana na wadudu. Mwaka wa ukame hawa husalimika, mwaka wa mvua nyingi wale. Kila mkulima anapoweka mbegu kutoka kwa waliosalimika, mbegu hiyo huzidi kuujua udongo na mvua za mahali pale. Kazi hiyo, Ndugu zangu, ni uzalishaji wa aina za mimea, nayo ilifanywa na bibi zetu karne nyingi kabla ya chuo cha kilimo cha kwanza.

Hata hivyo, bibi zetu wa leo na sisi wajukuu wao tumeanza kuiharibu. Matunda mazuri tunayachuma na kuyala au kuyapeleka sokoni; yaliyodumaa mwishoni mwa msimu ndiyo tunayaacha yazae mbegu. Huko ni kuchagua kinyumenyume, na ukichagua hivyo miaka kumi usishangae mboga ikidhoofika. Mche wa mbegu uchaguliwe mapema, ukiwa umesimama shambani, ufungwe kitambaa, na asiuguse mtu. Ngogwe yake iachwe mpaka iwe nyekundu kabisa, ndipo ipondwe, mbegu zioshwe, zianikwe kivulini na kutunzwa pakavu. Wala isichukuliwe kwenye mche mmoja tu, hata ukivutia namna gani, maana ukoo wote hautoshi ndani ya mche mmoja. Kunde na nyanya kwa kawaida hujichavusha zenyewe, hivyo ni rahisi kuanza nazo. Maboga ni shughuli nyingine. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba la jirani, na anayetaka boga lake libaki lilivyo lazima akubaliane na jirani huyo.

Wapo watakaouliza kama hatuna maghala ya taifa. Tunayo. Arusha kuna kituo cha taifa cha nasaba za mimea, na huko huko Kituo cha Kimataifa cha Mboga, chenye makao makuu Taiwan, kina tawi tangu mwaka 1992, nacho kimekusanya ngogwe, mnafu na mchicha. Ni hazina kubwa. Lakini mbegu iliyolala katika baridi hubaki kama ilivyokuwa siku ilipookotwa, wakati mvua za Dodoma hazibaki zilivyokuwa.

Ndiyo maana nawageukia walimu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe darasa. Tumelifanya mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa namba. Shida ninaijua: ngogwe huenda ikaiva wakati wa likizo ya Juni, na kitalu kisicho na zamu hugeuka malisho ya mbuzi. Zamu hiyo ipangwe na kamati ya shule, si kuachiwa mwalimu mmoja. Maofisa ugani nao wawaeleze wazazi kwa usahihi Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Kuuza mbegu kuna masharti ya usajili na ukaguzi, hivyo shule isianze biashara. Kazi yake hapa ni kuchagua na kutunza kwa ajili ya shamba lake.

Kifuko kilichopo mezani kimetoka kwa mama yangu. Ni uzao wa konzi ile ya kitongoji cha pili, na zinatosha shule sita, kila moja miche thelathini. Shule zitakazokuwa tayari ziandikishe majina kwa Ndugu Katibu kabla hatujaondoka ukumbini.