Tumpe Mtahiniwa Saa Tatu Zake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wetu wafadhili, Lushoto)



Nimeombwa niseme machache kuhusu vijana wetu wanaofanya mitihani ya insha kwa njia ya intaneti. Kusoma kwa masafa si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994. Jipya ni kwamba sasa hata chumba cha mtihani kimehamia nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Chuo Kikuu cha London na UNISA ya Afrika Kusini viliwafanyisha wanafunzi wao wa masafa mitihani kwa intaneti. Tangu hapo njia hii imezoeleka.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Binti mmoja wa usharika wetu alikuwa akisoma katika chuo kimoja cha Uingereza. Mtihani wake wa Januari ulipangwa saa 4 asubuhi ya kule, nikamwambia kwetu ni saa 7 mchana. Ilikuwa sahihi. Mwezi Mei ukaja mtihani mwingine, saa ile ile ya kule, nikamwambia tena saa 7. Sikujua kwamba majira ya joto Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti yetu hupungua kutoka saa tatu hadi mbili. Mtihani ulianza saa 6. Alipofungua kompyuta, saa nzima kati ya tatu ilikuwa imepotea. Alijibu maswali mawili vizuri, la tatu nusu, na la nne hakuligusa. Maji yakimwagika hayazoleki. Akarudia somo lile na kulipa ada upya.

Tangu siku hiyo nawaambia vijana mambo haya. Kwanza, saa ya mtihani iandikwe ukutani kwa saa zetu, na ihakikiwe na watu wawili kwa tarehe ile ile, si kwa kukumbuka mwaka jana.

Pili, gawa muda kabla ya siku. Kwa saa tatu na maswali manne, dakika 15 ni za kusoma na kuchagua maswali. Kila jibu lipewe dakika 35: tano za kupanga hoja, thelathini za kuandika. Zinabaki dakika 25: kumi za kupitia kazi, 15 za kuituma. Kama kila swali lina alama 25, anayeacha moja hawezi kuvuka 75 hata akiandika kama profesa.

Tatu, jizoeze kwa mitihani ya nyuma, saa ikiwa mezani. Vijana wengi wameandika kwa kalamu mpaka kidato cha sita. Kupiga chapa haraka hakuji usiku mmoja.

Nne, soma kanuni mapema. Pale zinaporuhusu, andika jibu kwenye kompyuta yenyewe, uhifadhi kila baada ya dakika chache, ndipo utume. Mtandao ukikatika, kazi inabaki. Piga picha ya tatizo lolote, uwaandikie chuo siku hiyo hiyo. Na kuchukua maneno ya wengine, au kuiachia programu ya akili bandia ikuandikie pale inapokatazwa, ni wizi kama wizi mwingine.

Lakini ndugu zangu, kuna yasiyo mikononi mwa mtahiniwa. Mitihani ya Mei huangukia mvua za masika. Mti ukianguka juu ya waya, kijiji kizima kinakuwa gizani. Kukimbilia Mombo, kilomita kama 33 za kona, wakati saa ya mtihani inakwenda, si mpango. Na nyumbani nako, binti akionekana ameketi mbele ya kompyuta, huitwa akachote maji, ahudumie mgeni, au abebe kabichi kwenda gulioni. Hatumwonei kwa makusudi. Hatuoni tu kwamba yuko kazini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Hatuombi jengo. Kila usharika utenge chumba kimoja chenye meza, kiti na mlango unaofungwa. Wafadhili watusaidie betri ya kuwasha kompyuta kwa saa nne, na simu mbili za mitandao tofauti, zenye bando, ili mmoja ukizimika mwingine ushike. Kamati iteue mzee mmoja wa kukaa mlangoni, asiruhusu mtu kumwita mtahiniwa.

Yule binti alirudia mtihani wake katika ofisi ya usharika, mlango umefungwa, mama mmoja wa kamati akiwa nje anasuka mkeka. Safari hii alijibu maswali yote manne, akafaulu.