Mshika Mbili: Nasaha kwa Msafiri Mwenye Pasipoti Mbili

(Maelezo yaliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, Bariadi, Mkoa wa Simiyu)



Huenda mtu akajiuliza: Bariadi na ndege, wapi na wapi? Jibu lipo pale stendi ya mabasi. Msafiri wa ng'ambo kutoka mkoa huu huanza safari yake kwa basi, hushika lami hadi Lamadi, huelekea Mwanza, huruka hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo huenda Addis Ababa, Doha au Dubai, kisha mbele zaidi. Vijana wetu wapo masomoni na makazini katika nchi nyingi, na watoto wao huzaliwa hukohuko. Wajukuu hao wanapokuja kuwasalimu bibi na babu zao Maswa, Meatu, Itilima au Busega, baadhi yao huja na pasipoti mbili mkononi.

Sisi kazi yetu ni kulinda haki za abiria. Masuala ya uraia na pasipoti yamo mikononi mwa Idara ya Uhamiaji. Hata hivyo, mambo haya mawili hukutana mbele ya dawati la shirika la ndege, na hapo ndipo abiria asiyejiandaa hupoteza nauli yake yote. Ndiyo maana tumeona tuyazungumze.

Tuanze na sheria. Sheria ya Uraia wa Tanzania, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995, hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza uraia wa Tanzania. Majirani zetu wana utaratibu tofauti: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata akipata uraia mwingine. Msafiri asidhani kwamba lililo halali Nairobi ni halali pia Dar es Salaam.

Kwa mtoto, hali ni nyingine. Mtoto aliyezaliwa nje, ambaye baba au mama yake ni raia wa Tanzania asiyekuwa raia kwa kurithi tu, ni raia wa Tanzania kwa kurithi. Nchi alikozaliwa nayo yaweza kumpa uraia wake. Mtoto huyo anaweza kushika pasipoti mbili bila kuvunja sheria yetu, hadi afikishe miaka 18.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 16, aliyezaliwa Marekani na wazazi Watanzania, anakuja Bariadi kwa likizo. Sheria ya Marekani inamtaka raia wake aingie na kutoka nchini humo kwa pasipoti ya Marekani, kwa hiyo ataondoka kwa hiyo. Akifika Dar es Salaam, huonyesha pasipoti ya Tanzania na kuingia kama raia, bila kulipa viza. Akiingia kwa pasipoti ya Marekani, atahesabiwa mgeni, na viza ya Mmarekani ni dola 100.

Tatizo hutokea siku ya kurudi. Uwanja wa ndege una meza mbili, na kila meza ina swali lake. Meza ya shirika la ndege huuliza: je, unaruhusiwa kuingia kule uendako? Hapo binti atoe pasipoti ya Marekani, kwa sababu pasipoti yake ya Tanzania haina viza ya Marekani. Meza ya Uhamiaji huuliza: uliingiaje nchini, na unatokaje? Hapo atoe ile ya Tanzania, yenye muhuri wa kuingilia. Kanuni ni hii: nchi uliyoingia kwa pasipoti fulani, toka kwa pasipoti hiyohiyo. Abiria aliyeacha pasipoti moja nyumbani Bariadi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Mwanza, hawezi kuifuata ndege ikiwa imeshaanza kupakia.

Mashirika ya ndege hayakagui nyaraka kwa ukorofi. Shirika likimpeleka abiria asiye na hati sahihi, nchi husika huweza kulitoza faini na kulitaka limrudishe lilikomtoa. Kwa sababu hiyo, abiria anayezuiwa kupanda kwa upungufu wa nyaraka zake mwenyewe kwa kawaida hana dai la fidia, hata kama tiketi imelipiwa kwa mauzo ya pamba ya msimu mzima.

Jina nalo lina uzito. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti utakayoionyesha kwa shirika. Mama mwenye jina la ukoo katika pasipoti moja ya mtoto na jina la ndoa katika nyingine abebe cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kumbukeni pia kuwa kurekebisha jina kabla ya safari ni rahisi kuliko kubishana uwanjani.

Sasa tuseme juu ya umri wa miaka 18. Wazazi wengi husahau siku hiyo. Kijana anayeikaribia, naye angependa kubaki Mtanzania, anapaswa kuukana uraia ule mwingine kwa utaratibu na ndani ya muda uliowekwa na sheria. Aende ofisi ya Uhamiaji, au ubalozi wetu akiwa nje, kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na kabla ya kununua tiketi ya kwenda na kurudi itakayovuka siku hiyo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Bora uchague mwenyewe ipi ya kuachia.

Kwa mtu mzima aliyekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine, tunasema wazi: usiendelee kutumia pasipoti ya Tanzania kwa sababu tu haijaisha muda wake. Kufanya hivyo ni kosa, na madhara yake huweza kufika mbali kuliko uwanja wa ndege. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na tunajua shamba lina maana gani kwa familia ya Kisukuma. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuweka hadhi maalumu kwa raia wa nchi nyingine wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo ni nafuu ya kweli, lakini si uraia, wala haimpi mtu pasipoti yetu. Masharti yake ulizeni Uhamiaji.

Mwisho, jihadharini na vishoka. Hakuna wakala wa tiketi mwenye mamlaka ya kukuhalalishia pasipoti mbili. Ada za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, nanyi mdai risiti. Shirika likikuzuia ilhali nyaraka zako ni kamili, omba sababu kwa maandishi, tunza tiketi, lalamika kwanza kwa shirika lenyewe, na usiporidhika, tuletee sisi.

Kabla hamjampeleka mgeni wenu stendi, mkalisheni chini, fungueni pasipoti zote mbili, someni majina, tarehe za kuisha na umri wake. Ni kazi ya dakika kumi.